Kufufua Tamiya Hornet ya zamani: mwongozo kamili, kuanzia skrubu ya kwanza hadi betri ya pili

Wanaoniuliza kuhusu magari ya rimoti ya zamani huja na kisa kilekile. Mtu amepata Hornet au Grasshopper, magari ya rimoti ya kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyolala stoo miaka ishirini. Ameipangusa vumbi, akainunulia betri mpya ya LiPo, yaani ya lithiamu, na mota ya kasi, akaiweka chini. Imekimbia dakika kumi kwa raha, kisha ikaanza kusaga kama mashine ya nafaka, na baada ya hapo mota inazunguka lakini magurudumu hayaendi. Sasa anauliza anunue mota gani nyingine.

Asinunue mota. Kilichomwangusha ni mpangilio wa kazi. Gari la zamani hufufuliwa kuanzia kwenye giaboksi na magurudumu, na umeme huja mwisho kabisa. Ukiutanguliza, utatumia nguvu mpya kuvunja vipuri vilivyokauka.

Nimeuandika mwongozo huu kwa ajili ya Hornet, na karibu yote yanafaa kwa Grasshopper. Zote mbili zilitoka 1984 na zinafanana sana upande wa chini. Tofauti kubwa ni kwamba Hornet ilitoka na mota ya 540, shokapu za mafuta nyuma na bodi laini ya polikaboneti, wakati Grasshopper ilikuja na mota ndogo ya 380, springi zisizo na mafuta na bodi ngumu. Tamiya ilizitoa upya, Hornet 2004 na Grasshopper 2005, na hilo ndilo linalotuokoa. Tairi, gia, mikono ya mbele na hata chasisi vinapatikana vikiwa vipya, na kitabu cha maelekezo cha toleo jipya kinapatikana mtandaoni. Kipakue kabla hujagusa bisibisi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanya kila kitu kwanza. Gari lililofunguliwa nusu likikaa wiki tatu kusubiri grisi litapoteza skrubu, na kumbukumbu yako itapotea pamoja nazo.

Vifaa vya kufungulia na kusafishia

- Bisibisi ya nyota ya vipimo vya Kijapani, yaani JIS, saizi namba 2 na namba 1. Sababu yake iko kwenye hatua ya 2.
- Trei ya mayai, ile ya karatasi, na kalamu ya wino.
- Mswaki wa zamani, brashi laini ya rangi, sabuni ya maji ya vyombo na beseni.
- Spiriti ya dukani. Usitumie petroli wala thina.

Vifaa vya mitambo

- Grisi ya plastiki. Ile ya keramiki ya Tamiya ni nzuri, na grisi yoyote nyeupe iliyoandikwa kuwa ni salama kwa plastiki inafaa.
- Mafuta ya silikoni ya shokapu, ya uzito wa 300 hadi 400.
- Beringi. Saizi inayotumika zaidi kwenye magari haya ni 5 × 11 × 4 milimita, inayouzwa kwa jina la 1150. Pima bushi zako, yaani pete za plastiki zinazoshika ekseli, kabla ya kuagiza, kwa sababu gari lililopita mikono mingi huwa limeshabadilishwa vitu.
- Tairi mpya za mbele na za nyuma.
- Asetoni kidogo na vipande vya plastiki ya ABS.

Vifaa vya umeme

- Kidhibiti mwendo cha elektroniki cha mota za brashi, chenye uwezo wa kukata umeme betri ya LiPo ikishuka.
- Rimoti na risiva ya 2.4 GHz, chaneli mbili au tatu.
- Sevo moja ya saizi ya kawaida, yaani mota ndogo inayogeuza usukani.
- Mota ya 540, kapasita tatu zilizoandikwa 104, na pasi ya kulehemu ya wati 60.
- Mita ya umeme. Hata ile ya bei ya chini inatosha.
- Betri na chaja inayolingana nayo.

Kama hujawahi kulehemu, mpelekee fundi simu kazi ya mota na plagi. Wengi wana mkono mzuri na kazi ni ya dakika kumi. Ila mwambie mapema kwamba waya ni nene, kwa sababu pasi ndogo ya kwenye bodi za simu haitapasha joto waya wa betri vya kutosha.

## Hatua ya 1: Piga picha, kisha piga nyingine

Piga kila upande, kila waya, kila springi. Piga hasa mahali pa vishikizo vya usukani na jinsi giaboksi ilivyoshikiliwa kwenye chasisi. Kitabu cha maelekezo kitakuonyesha gari lilivyotoka kiwandani. Picha zako zitakuonyesha mwenye gari wa kwanza alifanya nini.

Halafu zungusha magurudumu ya nyuma kwa mkono, polepole, na usikilize. Likikwama mahali pamoja kila mzunguko, kuna jino la gia limevunjika au jiwe limeingia. Likiwa zito mfululizo, ni grisi iliyokauka. Andika ulichosikia, maana kitakusaidia hatua ya 5.

Fungua pia sehemu ya betri. Ukikuta betri ya zamani ya NiCd imetoa unga mweupe au kijani, vaa glovu kuitoa. Ndani yake kuna kadimiamu, ambayo ni sumu. Usiichome moto wala kuitupa na taka za jikoni. Chaja iliyokuja nayo iweke kando kabisa, kwa sababu nyingi za enzi hizo zilifanya kazi kwa saa ya kuhesabu dakika na hazikujua betri imejaa au la.

## Hatua ya 2: Fungua bila kuua skrubu

Skrubu za Kijapani zina nyota inayofanana na ile ya kawaida lakini si sawa. Bisibisi ya kawaida haikai hadi chini. Ukiisukuma inapanda na kula kingo, na baada ya mara mbili skrubu imekuwa duara. Ya JIS inakaa imara. Ndiyo maana nimeiweka juu kabisa ya orodha.

Kandamiza kwa uzito wa mkono wote, kisha geuza. Skrubu iliyoshikwa na kutu, hasa kwa gari lililokaa mikoa ya pwani ambako hewa ya chumvi hula chuma, idondoshee mafuta mepesi na uiache usiku mzima. Usiipige nyundo, kwa sababu mahali inaposhika ni plastiki ya miaka arobaini.

Kila kundi la skrubu liweke kwenye shimo lake la trei ya mayai na uandike pembeni: "giaboksi juu", "mkono wa mbele kushoto". Urefu wa skrubu hutofautiana kwa milimita chache, na iliyo ndefu kupita kiasi ikiingia pasipo pake hutoboa upande wa pili au kukandamiza gia.

Utajua umefanikiwa ukiwa na chasisi tupu, trei iliyoandikwa vizuri, na hakuna skrubu iliyobaki imekatikia ndani.

## Hatua ya 3: Osha

Plastiki yote ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji ya moto sana hupinda vipande vyembamba. Sugua kwa mswaki, suuza, kausha kwa kitambaa na uache kivulini. Jua la mchana hupausha plastiki na kuifanya ikatike.

Grisi ngumu ya ndani ya giaboksi itoe kwa kijiti cha meno kwanza, kisha spiriti. Thina na petroli zinayeyusha au kulainisha plastiki hizi, na kwenye bodi ya polikaboneti huleta ukungu na nyufa ndogo zisizotoka tena. Nimeona bodi ya asili ya Hornet, yenye stika zake zote, ikiharibiwa kwa tone moja la thina kwenye pamba.

Mota, sevo na risiva zisiguse maji.

## Hatua ya 4: Nyufa na matundu yaliyolika

Kagua chasisi chini ya taa kali. Angalia pembe za mbele karibu na bampa, na sehemu zinazobeba giaboksi.

Ufa ukiuona, toboa tundu la milimita 1.5 mwisho wake kabisa. Ufa hukimbia kwenye ncha yake kali, na tundu la duara huutuliza. Kisha tengeneza uji wa plastiki: kata vipande vidogo vya ABS, vitie kwenye kichupa cha kioo chenye asetoni kidogo, na viache hadi viwe kama uji wa mtoto. Pakaza upande wa ndani, tabaka mbili au tatu nyembamba, na uache saa 24 kabla ya kupiga msasa. Asetoni inawaka moto kirahisi na harufu yake ni kali, kwa hiyo fanya kazi nje au dirishani.

Jaribu kwanza mahali pasipoonekana. Tone la asetoni likifanya plastiki inate, uji utashika. Lisipofanya kitu, kipande hicho ni cha nailoni au jamii yake na hakuna gundi itakayokishika vizuri. Nunua kipya.

Matundu ya skrubu yaliyolegea yajaze kwa uji huohuo, yaache siku nzima, kisha yatoboe upya kwa kipenyo kidogo kuliko skrubu.

Na hili ushike kwa kazi yote iliyobaki. Unaporudisha skrubu kwenye tundu la plastiki, igeuze kwanza *kinyume*, taratibu, hadi uhisi imedumbukia kidogo kwenye njia yake ya zamani. Hapo ndipo ukaze. Usipofanya hivyo skrubu hukata njia mpya juu ya ile ya zamani, na baada ya mara tatu tundu limekwisha.

## Hatua ya 5: Giaboksi

Hapa ndipo magari mengi yanapofia, kwa hiyo tusikimbie.

Giaboksi ya Hornet ni nusu mbili zilizofungwa kwa skrubu, ndani zikiwa na gia za plastiki na difu. Mota imefungwa ubavuni mwake, na boksi zima hupanda na kushuka pamoja na magurudumu ya nyuma. Ndiyo sababu nyuma ya Hornet hurukaruka, na ndiyo sababu nguvu nyingi huiumiza: kila inapotua chini, gia hupokea pigo.

Kagua kila jino. Toa gia zote, zipange kwa mpangilio wake juu ya karatasi nyeupe, na uziangalie moja moja. Jino zima lina kichwa butu kidogo. Jino lililochoka limechongoka kama la papa. Gia yenye hata jino moja lililochongoka badilisha, pamoja na ile inayoshikana nayo, kwa sababu mbovu humla mwenzake.

Angalia piniani. Hii ni gia ndogo ya chuma kwenye ncha ya mota. Watu huisahau kwa kuwa inaonekana imara. Ikiwa imelika itamaliza gia mpya za plastiki ndani ya saa chache. Nunua mpya yenye idadi ya meno iliyotajwa kwenye kitabu cha maelekezo, wala usijaribu kubwa zaidi ili kupata kasi. Mashimo ya mota kwenye boksi hili yamepangwa kwa saizi maalumu, na piniani isiyo yake itabana au kuning'inia. Iweke ya zamani na mpya ubavu kwa ubavu, na kama meno hayalali sawa, rudisha dukani.

Difu ni zile gia ndogo za koni zinazoruhusu gurudumu moja kuzunguka tofauti na jingine kwenye kona. Zipake grisi ya kutosha. Usizigandishe kwa gundi kama wengine wanavyoshauri, kwa sababu gari litakataa kukata kona na ekseli zitapinda.

Paka grisi kwa brashi ndogo, tabaka jembamba kwenye kila jino. Boksi lililojazwa grisi kama mkate wa siagi linakuwa zito, linapasha mota moto, na grisi inavuja nje na kuvuta mchanga. Grisi nyeusi ya magari makubwa iache, kwa kuwa si yote iliyo rafiki wa plastiki na mpira.

Badilisha bushi za plastiki kwa beringi hapahapa, wakati boksi liko wazi. Pesa yako ya kwanza ya kuboresha gari iende huku. Beringi hupunguza msuguano, hufanya ekseli ikae katikati, na gia hushikana sawasawa. Kwa mchanga wetu, chagua zenye mfuniko wa mpira.

Funga nusu mbili, kaza skrubu kwa zamu kama unavyokaza nati za gurudumu la gari, moja hapa na nyingine upande wa pili. Kisha zungusha ekseli kwa vidole, bila mota.

Utajua umefanikiwa boksi likizunguka laini mduara mzima, kwa mlio mdogo wa sauti moja. Ukizuia ekseli moja na kugeuza nyingine, difu iteleze bila kukwaruza. Ikikwama hata mahali pamoja, fungua tena. Nguvu ya mota haitaulainisha mkwamo huo. Itauvunja.

## Hatua ya 6: Magurudumu, shokapu na usukani

Tairi za zamani hata zikionekana nzima huwa zimekuwa ngumu. Bana pembeni kwa vidole, na ukiona mistari midogo kama matope yaliyokauka, zihifadhi kwa maonyesho na ununue nyingine. Tia beringi kwenye magurudumu ya mbele. Kaza nati hadi gurudumu liache kucheza, kisha uilegeze kidogo sana. Gurudumu la mbele likisukumwa kwa kidole lizunguke sekunde kadhaa.

Shokapu za nyuma za Hornet zifungue, zisafishe kwa spiriti na ubadilishe mipira midogo ya kuzibia. Mimina mafuta ya silikoni, chezesha fimbo juu na chini hadi mapovu yote yatoke, subiri dakika tano, kisha ufunge. Mafuta ya injini au ya kupikia huvimbisha mipira na kuvuja baada ya siku chache.

Kwenye usukani, kagua kifaa kilicho juu ya sevo chenye springi ndani. Kazi yake ni kupokea pigo gari linapogonga ukuta, ili meno ya sevo yasikatike. Kikiwa kimelegea, gari litayumba barabarani na utalaumu rimoti bure.

Jaribio la kuviringisha. Rudisha giaboksi na magurudumu kwenye chasisi, bila mota na bila umeme wowote. Weka gari kwenye sakafu laini ya saruji na ulisukume kwa mkono. Liende mbali kiasi, kimya, kwa mstari ulionyooka. Likisimama ghafla au likivuta upande mmoja, usiendelee na hatua ya 7. Tafuta gurudumu zito, mkono uliopinda au skrubu iliyobana. Ningependa usome aya hii mara mbili, kwa sababu gari likilifaulu jaribio hili, kazi ngumu imekwisha.

## Hatua ya 7: Mota

Mota ya 540 ya asili ikizunguka vizuri, itumie. Idondoshee tone moja la mafuta mepesi kwenye kila bushi yake, mbele na nyuma. Ukitaka kasi zaidi, Sport Tuned ya Tamiya ndiyo mpaka ninaoupendekeza kwa boksi hili. Mota zisizo na brashi ni nzuri sana, ila kwa Hornet ya zamani ni kama kumfunga punda injini ya lori. Kwenye Grasshopper, kutoka 380 hadi 540 ya kawaida ni mruko mkubwa tayari.

Lehemu kapasita tatu za 104: moja kati ya vituo viwili vya mota, na moja moja kutoka kila kituo hadi kwenye ganda lake. Brashi zinapogusana na ndani ya mota hutoa cheche, na cheche huingilia mawimbi ya rimoti. Kwaruza ganda kwa msasa kabla ya kulehemu, la sivyo risasi haishiki.

Mota ya zamani ikiwa na dayodi iliyolehemiwa kati ya vituo vyake, itoe. Zamani iliwekwa kwa vidhibiti vya kwenda mbele tu, visivyo na rivasi. Ukiwa na kidhibiti chenye rivasi, ukirudi nyuma dayodi hiyo inakuwa shoti.

Mota mpya iendeshe kwanza juu ya meza kwa betri mbili ndogo za AA, volti 3, dakika chache bila mzigo, ili brashi zikae umbo lake. Kisha ifunge kwenye boksi.

## Hatua ya 8: Rimoti, sevo na kidhibiti mwendo

Magari haya yalikuja na kidhibiti cha mitambo: sevo ya pili inasukuma mkono juu ya vibati vya shaba, na kinyonya nguvu kinachopata moto sana. Kinafanya kazi, lakini vibati hupata kutu ya kijani na kila ukipunguza mwendo nguvu inapotea kama joto. Kitoe, kisafishe, kifunge kwenye mfuko pamoja na vipuri vingine vya asili. Usitupe chochote cha 1984, kwa kuwa siku ukiuza gari, mfuko huo una thamani yake.

Kidhibiti cha elektroniki kikae mahali palipo pakavu na penye hewa. Waya wa mota uwe na mkunjo wa ziada, maana mota inapanda na kushuka pamoja na boksi. Waya ulionyooshwa kwa kubana utakatika kwenye lehemu ndani ya wiki.

Kidhibiti kina kituo cha ndani kinacholisha risiva na sevo, kwa hiyo kile kiboksi cha betri nne za AA hakihitajiki tena. Usiunganishe vyote viwili kwa pamoja.

Ukitaka kutumia sevo ya zamani na risiva mpya, angalia mpangilio wa waya. Siku hizi chanya huwa katikati, lakini baadhi ya sevo za zamani zilipangwa vingine, na plagi inaweza kuingia vizuri kabisa huku ikiua risiva. Sevo mpya ni bei ndogo kuliko wasiwasi huo.

Fuata mpangilio huu:

1. Inua gari juu ya kopo ili magurudumu yawe hewani.
2. Unganisha rimoti na risiva kama kitabu chake kinavyoelekeza, na uweke mpangilio wa usalama, yaani mawimbi yakikatika mota isimame.
3. Washa umeme, acha sevo itulie katikati, *ndipo* ufunge mkono wa usukani. Ukiufunga kabla, gari litakata kona upande mmoja zaidi ya mwingine.
4. Chagua aina ya betri kwenye kidhibiti. Vingi vina vipande vidogo vya kuhamisha. Kikiwa kwenye NiMH, yaani betri ya nikeli, wakati umeweka LiPo, betri itashuka hadi kufa bila onyo.
5. Gusa kasi kidogo. Magurudumu yakienda nyuma, badilishana waya mbili za mota. Usibadilishane waya za betri kamwe.

Waya mwembamba wa antena wa 2.4 GHz usiukate. Sentimita 3 za mwisho zibaki zimenyooka, juu, mbali na mota. Kijiti cha antena cha zamani kinaweza kubaki kwa sura.

Kila siku, rimoti iwake kwanza na izimwe mwisho.

## Hatua ya 9: Betri

Ushauri wangu kwa gari la kwanza ni NiMH ya volti 7.2, seli sita, ya mAh 3000 hivi. Inavumilia makosa, na haina vikwazo vya usafirishaji kama lithiamu, jambo linalomsumbua kila anayeagiza LiPo kutoka nje.

Ukichagua LiPo, iwe ya seli mbili tu. Volti yake ya kawaida ni 7.4 na ikijaa ni 8.4. Isishuke chini ya volti 3.2 kwa seli ikiwa kazini, na ukiiweka zaidi ya siku chache iache kwenye volti 3.8 kwa seli. Ichaji kwa chaja inayosawazisha seli, kwa ampea zisizozidi uwezo wake: ya mAh 3000 kwa ampea 3. Usilale wala kutoka nyumbani inapochajiwa, na ikivimba isitumike tena. Chumba cha betri kilitengenezwa kwa seli za mviringo, kwa hiyo LiPo yenye pembe za mraba huenda isiingie. Tafuta yenye kingo za duara. Chasisi usiikate.

Kuna wanaounga seli mbili zilizotolewa kwenye betri ya laptopu. Hizo hutengenezwa kwa mzigo mdogo wa muda mrefu. Mota ya 540 inapoanza mwendo huvuta ampea nyingi mno kwa seli hizo, nazo hupata moto. Usifanye.

Ile plagi nyeupe ya zamani ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia, ilikuwa inaungua. Weka plagi za XT60 pande zote mbili. Pima chanya na hasi kwa mita kabla ya kuchomeka, kila mara unapolehemu upya.

## Hatua ya 10: Bodi

Kanuni ni moja. Bodi ya Hornet hupakwa rangi *ndani*, kwa rangi za polikaboneti, ambazo kwa Tamiya ni PS. Bodi ngumu ya Grasshopper hupakwa *nje*, kwa rangi za TS. Ukipaka TS kwenye polikaboneti itabanduka kama maganda siku ya kwanza gari likipinduka. Kwa Hornet, rangi nyeusi na za michoro hutangulia, na nyepesi hufuata, kwa sababu mtazamaji anaangalia kutoka nje.

Kama bodi ya asili haijavunjika, mimi ningeihifadhi na kukimbizia nyingine.

## Hatua ya 11: Betri ya kwanza, na ya pili

Tafuta kiwanja kikavu cha udongo mgumu. Nusu ya kwanza ya betri iende kwa nusu ya kasi. Baada ya dakika 3 simama, gusa ganda la mota. Ukiweza kuacha kidole sekunde tatu, sawa. Usipoweza, kuna kitu kinabana, na mara nyingi ni boksi au gurudumu la nyuma.

Sikiliza pia. Mlio wa juu ulio sawasawa ni mzuri. Mkwaruzo unaokuja ukiongeza kasi tu ni meno yasiyoshikana. Kugongagonga kwenye kona ni difu.

Ufukweni usilipeleke. Maji chumvi huingia kwenye beringi na plagi, na kutu huanza usiku huohuo. Likiingia kwa bahati mbaya, futa kwa kitambaa chenye maji baridi, kausha, na utie mafuta kwenye beringi kabla ya kulala.

Betri ya kwanza ikiisha, kaza skrubu zote tena, hasa za mota na za mikono ya mbele, kwa kuwa mtikisiko huzilegeza. Betri ya pili ikiisha, fungua giaboksi. Najua hutaki, gari linakwenda vizuri. Fungua. Grisi ikiwa bado nyeupe, funga na uendelee. Ikiwa ya kijivu yenye chembe zinazong'aa, chuma kinalika: rudi kwenye piniani. Ikiwa na unga wa rangi ya gia, plastiki inalika: safisha, angalia beringi zimekaa hadi mwisho wa matundu yake, paka grisi mpya, na ufungue tena baada ya betri moja.